Wazee Muhula wa Tatu

SAIDATI: Haloo? Haloo, nani anashika simu hii?

LATIF: Mwalimu, asalaam alaykum—

SAIDATI: Nimeuliza nani. Kwenye kioo hapa kumeandikwa Mama Kaltumu, na Mama Kaltumu tulimzika Februari. Kama ni mchezo, mimi si mtu wa mchezo huo.

LATIF: Ni Latif, Mwalimu. Mutoto yake. Unisamehe. Natumia laini yake.

SAIDATI: Latif. Umenishtua. Waalaykum salaam.

LATIF: Sikuwaza, kweli. Kila mwisho wa mwezi naiwekeaka unite ya kupigia, ju wasifunge namba. Leo njo mara ya kwanza naipigia mutu.

SAIDATI: Na mtu wa kwanza ni mimi. Haya. Nyumbani hawajambo?

LATIF: Hawajambo. Watoto iko wazima. Na we? Likizo inaenda?

SAIDATI: Likizo ya mwalimu ni kufua na kupiga pasi. Sema, ndugu yangu, maana sauti yako inakwaruza kama mtu anapara samaki.

LATIF: Bon. Ni ile mashindano ya wanafunzi. Mwaka wa shule unaanza Septemba, tunapanga tena kalenda ya utafiti wa historia. Kamati ilisema nikuulize kama shule yenu—

SAIDATI: Kalenda.

LATIF: Ndiyo. Iko hapa mbele yangu. Muhula wa kwanza, mada na vitabu. Muhula wa pili, fomu na muhuri wa ofisi ya akagari, serikali ya mtaa—

SAIDATI: Na muhula wa tatu, wazee.

LATIF: Wazee, ndiyo.

SAIDATI: Endelea kusoma. Mwaka huu kamati imepanga wazee wafe mwezi gani? Tuwaambie mapema, wasije wakatuvurugia ratiba.

LATIF: Mwalimu.

SAIDATI: Naam.

LATIF: Hiyo ni maneno ya kumwambia mutu aliyezika mama?

SAIDATI: Si maneno ya kumwambia. Lakini umenipigia kwa simu yake kunisomea kalenda, Latif, na mimi ulimi ninao mmoja tu. Mama yangu alinizaa Ujiji, akanirudisha hapa Gisenyi na ulimi huu huu, hakuna aliyeniuzia mwingine.

LATIF: Sikupiga ju ya kalenda.

SAIDATI: Nilijua.

LATIF: [mtandao unakwaruza] —jana sokoni. Unasikia?

SAIDATI: Rudia. Jana sokoni.

LATIF: Jana nilienda sokoni, kwa Mama Bushira, ule wa samaki za sambaza, jirani ya mama. Ananiambia, "Latif, ule binti wa Bugeshi aliyekuwaka anakuja kila siku ya posho, anamushikia mama yako simu karibu na mdomo, alikupatiaka ile sauti?" Mi namwuliza, binti gani? Sauti gani? Ananitazama vile mutu anatazama mwizi. Anasema, "Ule wa mashindano yenu."

SAIDATI: Kila Jumamosi, ndiyo.

LATIF: Donc, kumbe we ulijua.

SAIDATI: Nilijua. Anaitwa Kabatesi. Mwanafunzi wangu, mwaka wa nne.

LATIF: Kabatesi.

SAIDATI: Jina unalisikia leo? Ulilisaini. Januari, barua ya kamati, karatasi moja, mistari sita. Mwanafunzi aliyetajwa amemhoji mzee kabla ya muhula wa tatu, bila fomu yenye muhuri, kwa hiyo ametolewa mashindanoni, na sauti aliyorekodi ifutwe mbele ya mwalimu wake. Chini yake sahihi yako, ile yenye mkia.

LATIF: Ngoja. Ule mzee wa kwa barua... ule alikuwa mama?

SAIDATI: Alikuwa mama yako.

LATIF: [kimya]

SAIDATI: Upo?

LATIF: Walahi, sikujua. Ripoti ilisema "mzee mumoja wa mtaa." Mi nikasaini. Siku hiyo nilisaini barua ishirini.

SAIDATI: Nilikupigia siku ile ile. Nikasema, Latif, subiri kidogo, huyo mzee ni— ukanikata. "Usinitajie jina, Mwalimu. Kamati haijui nani amehoji nani mupaka fainali. Sheria ni sheria." Nikajaribu tena, ukasema uko mkutanoni.

LATIF: Nilikuwa kwa mkutano.

SAIDATI: Sikatai.

LATIF: Ile sheria ilikuwa ili kusiwe mutu anapendelewa.

SAIDATI: Basi hakupendelewa.

LATIF: Mwalimu, unipige hata kofi, nitakubali. Mi nataka ile sauti. Njo maana nilikupigia, hakuna kingine. Iko kwa simu ya ule mutoto? Iko kwa kompyuta ya shule? Niambie mahali, natoka sasa hivi.

SAIDATI: Ngoja. Nimeacha pasi juu ya sketi.

LATIF: Mwalimu—

SAIDATI: [anarudi] Haya. Imeungua kidogo kwenye pindo. Endelea.

LATIF: We ulikuja kwa arobaini yake?

SAIDATI: Nilikuja. Nilikaa ndani na wanawake.

LATIF: Basi ulisikia. Shehe alinipa nafasi niseme maisha ya marehemu. Mi, mutu wa historia. Najua Wajerumani waliweka nyumba ya kwanza upande gani wa ziwa. Nikasimama, nikasema alizaliwa Gisenyi. Muzee mumoja pale nyuma akasema pole pole, "Hapana mwanangu, hakuzaliwa hapa." Nikamwuliza, wapi sasa? Akasema, "Mi najua tu haiko hapa. We njo mutoto yake." Watu wote wakatazama mkeka.

SAIDATI: Nilisikia. Ukuta wenu ni wa mbao.

LATIF: Tangu siku ile silali vizuri. Mama wa miaka sabini na kitu, na mi siwezi sema hata alitoka wapi. Ule mutoto alimwuliza kuzaliwa kwake?

SAIDATI: Alimuuliza yote, Latif. Sauti ya saa tatu na dakika kumi na mbili. Jumamosi tano. Mtoto alikuwa akishuka na viazi vya kwao, shangazi yake ana meza pale sokoni, na mama yako ndiye mteja wao. Siku moja mama yako akamkuta anasoma daftari juu ya gunia, akamuuliza unasoma nini. Akamwambia nina mada ya mashindano, wanawake waliokuwa wakivuka mpaka kwa miguu kwenda kuuza Goma na kurudi jioni. Unajua mama yako alimjibu nini?

LATIF: Niambie.

SAIDATI: "Mada yako ni mimi. Kaa." Mtoto akamwambia, Bibi, kalenda inasema wazee ni mwezi wa nne, na fomu sina. Akamwambia, "Mi na mwezi wa nne hatujaahidiana."

LATIF: Alisema vile.

SAIDATI: Ilikuwa Novemba. Mama yako bado anakwenda kwenye barieri, pale mpakani, kwa miguu yake, na kitenge chake kichwani.

LATIF: Sasa sauti iko wapi, Mwalimu?

SAIDATI: Ilifutwa.

LATIF: Ilifutwa vipi?

SAIDATI: Inavyofutwa. Barua ilisema ifutwe, ikafutwa.

LATIF: Mais... watoto wa leo, Mwalimu. Hakika alificha kopi.

SAIDATI: Hakuficha.

LATIF: We unajuaje? Mutoto hawezi kukuambia—

SAIDATI: Ilikuwa simu ya shangazi yake, ya vitufe tu, isiyotuma kitu, na sauti ile peke yake iliijaza. Najua.

LATIF: Bon, kuko fundi Goma, pale nyuma ya soko, anarudishaka vitu watu walifuta. Rafiki yangu alirudishiwa picha za harusi. Tunachukua ile simu—

SAIDATI: Shangazi aliiuza Machi. Goma huko huko. Nimeshaulizia. Aliyeinunua hamjui, na aliyeinunua kwa aliyeinunua hamjui pia.

LATIF: [mtandao unakwaruza] Subiri, inashika mtandao ya Congo. Inakula unite mara tatu.

SAIDATI: Kwani uko wapi?

LATIF: Kwa chumba ya mama. Hapa karibu ya mpaka simu inakimbiaka ng'ambo.

SAIDATI: Si utoke nje?

LATIF: Hapana. Nabaki hapa. Daftari. Mwalimu, daftari. Mi njo niliandika kwa sheria, kila mutafiti akisikiliza sauti aandike kwa mkono. Aliandika?

SAIDATI: Aliandika. Neno kwa neno. Daftari mbili, zimejaa mpaka ndani ya jalada, na pale mama yako alipocheka ameandika "anacheka," na pale alipopumzika ameandika "anakunywa chai."

LATIF: Alhamdulillahi. Alhamdulillahi, Mwalimu. Iko wapi?

SAIDATI: Ofisini kwako.

LATIF: Kwangu?

SAIDATI: Barua ile ile, mstari wa tano. Faili lote la mtafiti lirudishwe kwa kamati. Nililifunga kwa kamba, nikalileta mwenyewe, kijana wenu akanipa karatasi ya kupokea. Ninayo hapa kwenye kabati. Latif. Mafaili ya waliotolewa mliyafanyia nini?

LATIF: [kimya]

SAIDATI: Nakuuliza kwa sababu hiyo ndiyo njia ya mwisho ninayoijua.

LATIF: Juni tulisafisha ofisi. Wageni walikuwa wanakuja kwa fainali. Kabati zimejaa, karatasi iko chini, karatasi iko kwa dirisha. Mi nikasema, vya waliotolewa vitoke.

SAIDATI: Vikatoka vikaenda wapi?

LATIF: Kuko mama anauzaka karanga pale kwa stendi ya gari. Anakujaka kuchukua karatasi za ofisi, anafungia.

SAIDATI: Juni nzima nilinunua karanga pale.

LATIF: Mi pia.

SAIDATI: Ulisoma hata kipande kimoja?

LATIF: Mutu anasomaka karatasi ya karanga? Unakula, unatupa.

SAIDATI: Ndiyo. Unakula, unatupa.

LATIF: Usiseme hivyo na hiyo sauti.

SAIDATI: Sauti ninayo hii, Latif. Ningekuwa na nyingine ningekupa.

LATIF: Lakini ule mutoto naye. Mi nisikie vizuri. Alikaa na mama Jumamosi tano, alikunywa chai yake, anajua iko na kitu ya muhimu kwa mkono. Barua inakuja, anafuta tu? Mi ningekimbia na simu. Mutoto anayependa historia kweli angekataa.

SAIDATI: Chunga mdomo wako.

LATIF: Nasema ukweli. Angekataa. Angekuja kwangu kulia, angekaa kwa mlango wa ofisi. Hakuna aliyemshika mkono.

SAIDATI: Alikataa.

LATIF: Sasa kama alikataa, nani—

SAIDATI: [kimya]

LATIF: Mwalimu?

SAIDATI: Mimi.

LATIF: We nini?

SAIDATI: Nilifuta mimi. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni na barua yako mkononi. Alisema isipofutwa leo, shule nzima inatolewa, na nilikuwa na vikundi vingine viwili, watoto kumi na mmoja wameshahangaika tangu Septemba. Kabatesi alikuwa ameikumbatia simu kifuani kwa mikono yote miwili. Akaniambia, "Mwalimu, huyu bibi anakohoa." Nilimwelewa, Latif. Usifikiri sikumwelewa. Nikamwambia lete. Hakuleta. Nikamnyang'anya.

LATIF: We.

SAIDATI: Kidole chenyewe ndicho hiki kinachoshika simu. Na vikundi vyangu viwili vikatoka raundi ya kwanza, mkawapa zawadi wale wa bango la bandari ya Rubona walilolinakili mtandaoni mpaka na makosa yake. Sasa nimeshasema. Tangu Januari sijamwambia mtu, hata mume wangu hajui kwa nini naichukia Jumamosi.

LATIF: Donc mi nakaa hapa kwa kitanda ya mama najipiga, mi, mi, mi, na we unanirushia maneno, wazee wafe mwezi gani, unanichekelea, na ni we.

SAIDATI: Ni mimi na wewe.

LATIF: Ulikuja kwetu kwa mazishi. Ulinishika mkono, ulisema pole.

SAIDATI: Nilisema pole kwa yote.

LATIF: Ulikula pilau ya arobaini.

SAIDATI: Sikula. Nilikaa nayo mapajani mpaka ikapoa.

LATIF: Kwa nini hukuniambia?

SAIDATI: Nikwambie nini, na kaburi bado bichi? Nilisema nitangoja wiki ipite. Wiki ikapita, nikasema mwezi. Ukikawia kusema jambo, kila siku linaongeza uzito. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaanza kutembea, yuko hapa ndani ananizunguka.

LATIF: Na mama? Mama alijua ilifutwa? Namba yako nimeikuta kwa simu yake. Kwa nini iko na namba yako?

SAIDATI: Nilimpigia jioni ile. Sikutaka alisikie kwa mtoto. Nikamwambia, Mama Kaltumu, kuna sheria, imebidi tufute, lakini mwezi wa nne tutakuja na fomu, tutaanza upya.

LATIF: Alisema nini?

SAIDATI: "Haya, mwanangu, Mungu akipenda." Akaniuliza kama viazi vya Bugeshi mwaka huu vimekubali. Halafu akakohoa sana, akasema anakwenda kulala. Na mimi niulize langu. Mlikuwa mnakaa ukuta kwa ukuta, wewe na yeye. Chai ya asubuhi unakunywa kwake. Ulihitaji fomu, wewe? Ulihitaji muhuri wa akagari umuulize mama yako alizaliwa wapi?

LATIF: Unajua orodha ya wazee wa kuhojiwa mi njo niliandika.

SAIDATI: Najua.

LATIF: Wazee kumi na nane. Kila mutu wa kamati akasema, Latif, mama yako anajua mambo ya hii mtaa kuliko wote, muweke juu. Nikamuweka namba kumi na nane. Ju ningeweka juu, watu wa msikiti na watu wa soko wangesema anabeba mama yake, mashindano ni ya familia. Nikamwambia, "Mama, ngoja, watoto watakuja kukuuliza vizuri, na siku hiyo mi pia nitakaa nisikie." Kila akianza hadithi kwa chai, mi nasema, "Ngoja, Mama, usimalize, iko siku yake." Alikuwa ananyamaza. Anamimina chai.

SAIDATI: Ukamfunga mdomo kwa adabu.

LATIF: Usinisaidie kusema, Mwalimu. Najua vile nilifanya.

SAIDATI: Samahani.

LATIF: [mtandao unakwaruza] —ule mutoto? Unasikia? Iko wapi sasa?

SAIDATI: Kwao Bugeshi, analima viazi. Septemba harudi shuleni. Ile zawadi ya karo ndiyo walikuwa wanaingojea. Baba yake ameniambia usoni, shule ni ya watu wenye mihuri.

LATIF: Nitaandika barua. Leo leo. Nitasema kamati ilikosea, anarudishwa, anapewa nafasi ya mwaka huu bila—

SAIDATI: Barua nyingine.

LATIF: Sasa nifanye nini? Yeye alisikia yote. Aliandika kwa mkono wake, mutu akiandika kwa mkono anakumbukaka. Kwa kichwa yake mama iko mzima.

SAIDATI: Nilipanda huko mwezi uliopita. Gari mpaka linapoishia, halafu miguu, kwenye ile baridi yao. Nikamkuta shambani na mama yake. Nikamwambia, Kabatesi, nimekuja kukuomba radhi, na ukiweza nisimulie hata kidogo, nikampe mtoto wa marehemu. Aliniamkia vizuri. Alinipa kigoda. Akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Mwalimu, ile sauti haikuwa na muhuri. Mimi sina kitu." Akarudi kuchimba.

LATIF: Hakusema kitu ingine?

SAIDATI: Alinipa viazi nusu ndoo. Mpaka leo sijavipika.

LATIF: Mi nikienda atasema vile vile.

SAIDATI: Wewe atakwambia vibaya zaidi. Na baba yake yuko. Nenda hivyo hivyo.

LATIF: Nitasema nini kwa mlango?

SAIDATI: Sijui. Usiende na bahasha ya kamati.

LATIF: Inalia kwa sikio, unite inaisha. We huwezi kunipigia?

SAIDATI: Yangu leo ni ya kupokea tu.

LATIF: Sikia basi, haraka. We mwenyewe hukusikia? Kabla ya kufuta. Hata kidogo? Mwalimu, naomba. Niko hapa kwa kitanda yake.

SAIDATI: Dakika nne. Nilitaka kujua ninafuta nini, nikaifungua pale katikati.

LATIF: Alikuwa anasema nini?

SAIDATI: Habari zako.

LATIF: Zangu?

SAIDATI: Mtoto alimuuliza, "Bibi, mwanao ndiye mwenye mashindano haya, mbona hukumsimulia yeye?" Mama yako akacheka. Akasema, "Latif tangu mutoto anakulaka hivi. Bugali kwanza, majani ya sombe kwanza. Nyama anaiweka kando ya sahani, anaiacha mwisho, ju njo anaipenda. Mi niko kando ya sahani. Atafika."

LATIF: [kimya]

SAIDATI: Latif? Unite itaisha.

LATIF: Mi sikuwa naacha nyama, Mwalimu. Mi niliogopa maneno ya watu.

SAIDATI: Najua.

LATIF: Na yeye? Alijua?

SAIDATI: Kikombe kikagonga kwenye kisahani. Halafu akasema, "Lakini..."

LATIF: Lakini nini?

SAIDATI: Mkuu wa shule akaniambia, "Mwalimu, unangoja nini?" Nikabonyeza.

LATIF: Hapana. Alisema lakini nini?

SAIDATI: Sikusikia. Kabatesi ndiye aliyesiki—

LATIF: Mwalimu? Lakini nini?

[simu imekatika]